Kidole Gumba cha Mguu wa Kushoto

Daktari wetu wa mgongo si msemaji. Akifika wodini husugua viganja vipate joto, husimama nyuma ya mgonjwa, kisha hushusha kidole mgongoni pingili baada ya pingili, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. Miaka sita sasa anatafiti jinsi uti wa mgongo unavyochakaa, na hata kwenye foleni ya chakula tunamkuta akipima picha za eksirei kwa rula yake ndogo. Juzi alimfanyia upasuaji mama mmoja fundi cherehani, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi tangu mwaka jana. Asubuhi yake akapiga magoti miguuni pa kitanda, macho usawa wa nyayo. "Mama, hebu chezesha kidole gumba." Kidole hakikusogea. "Polepole tu, mama." Kidole kikatikisika, kikatulia, kikainuka. "Sista, umeona?" akanigeukia, sauti imempanda. "Umeona?" Kisha yule mtu wa kunong'ona akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka. Mama akacheka mpaka machozi. "Jamani daktari, kidole changu, shangwe zote zako!" "Tena, mama," akasema, bado yuko magotini. "Tena!"