Ngoma ya Ngunze

Mwaka wa 1951 pasta wa kijiji chetu cha Tulia aliagiza ngoma zote za zamani zichomwe. Sisi tulinung'unika tu. Ngunze, mpiga ngoma wetu, aling'oa ngozi ya ngoma ya babu yake, akaziba ncha zote mbili kwa mbao zenye kitundu, akaitundika mtini kati ya mizinga yake ya nyuki. Nyuki wakahamia humo. Sasa nani angeigusa? Kila msimu alimpelekea pasta asali ya ngoma hiyo, na pasta akaisifu kanisani.

Miaka saba baadaye ikatafutwa ngoma ya kale kwa maonyesho ya Kitui. Ngunze akawafukiza nyuki, akawamba ngozi mpya. Alipoipiga juani, ngoma ikanukia asali uwanja mzima. Pasta, niliyeketi naye mbele, alinusa, akamkazia Ngunze macho. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kucheza.