Niliwaonea wivu perege wa mto wetu: msaragambo wa Upareni enzi za Mwingereza

Wakuu, kwa umri wangu wengi humu mnatakiwa kuniamkia, kwa hiyo marahaba kwanza.

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimesimama kwenye tope lenyewe. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho.

Ni milimani juu ya Hedaru, enzi za Mwingereza. Mto wetu ulikuwa unakufa. Watu walilima mpaka kwenye chemchemi, mvua ikashusha udongo, madimbwi yakajaa tope. Kila kiangazi watu walitwanga utupa, ile mimea ya kulevya samaki, wakaumwaga majini. Perege wakaisha kabisa.

Jumbe na wazee wakakubaliana: kulima chemchemini marufuku, utupa marufuku, miti ipandwe, madimbwi yazibuliwe kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Kisha perege waletwe upya kutoka Ruvu, kule tambarare.

Uamuzi mzuri. Hata leo nasema ulikuwa mzuri.

Shida ni kwamba shamba la magimbi la marehemu mama lilikuwa palepale chemchemini. Baba alitangulia, mama akafuata. Mimi kifungua mimba nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu. Magimbi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu.

Tuliyepakana naye ni baba Nakijwa. Nakijwa alikuwa rika langu, tukichota maji pamoja. Siku ya kikao baba yake akasimama: "Na mimi je? Wanangu watafune mawe?"

Watu wakacheka, akapewa shamba jingine chini ya mfereji. Kusimama mara moja tu, wakuu!

Kwetu hakusimama mtu. Kikaoni nyumba ilisemewa na mwanaume mtu mzima, na baba mdogo alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko, hatujui hata lini atarudi.

Kuanzia hapo nikimwona Nakijwa nabadili njia. Kicheko chake tu kilinichoma.

Halafu nikaanza kuwaonea wivu samaki. Msicheke. Walikuwa hata hawajafika, lakini wametengewa maji, wametafutiwa kivuli, wamewekewa na walinzi. Kijiji kizima kinauliza perege watakula nini. Wadogo zangu hakuna aliyewauliza.

Ila baragumu la kuita msaragambo likilia nilikwenda. Sikukosa.

Sasa, msaragambo ulikuwa na kanuni yake. Kila nyumba inapimiwa kipande chake, na hakuna kutawanyika mpaka kipande cha mwisho kiishe. Na huwezi kugusa kipande cha mwenzio bila ruhusa yake.

Siku perege walipoletwa, madebe yaliwekwa chini ya migomba, yamefunikwa majani. Kipande changu kilikuwa pale maji yanapoingilia dimbwini. Wenzangu walipomaliza, mimi nikachomeka jembe nikasimama.

"We binti, maliza!" jumbe akaita.

"Shikamoo mzee. Simalizi."

"Amechoka, mtoto wa watu," akasema baba Nakijwa. "Nikusaidie, mama?"

"Hapana, baba. Hiki ni kipande cha marehemu baba yangu."

Mama mmoja akapiga kelele: "Samaki wanahema kwenye madebe huku!"

"Na wadogo zangu wanahema nyumbani," nikamjibu. "Perege wamepewa pa kukaa kabla hawajafika. Sisi tuliozaliwa hapa tunahamia wapi?"

Kijana mmoja akadakia: "Kumbe ana mdomo!"

"Na jembe analishika kuliko wewe," yule mama akamkata. Watu wakaangua kicheko.

Wazee wakanong'onezana. Jumbe akatangaza kwamba tutapewa kipande chini ya mfereji, kupakana na baba Nakijwa.

Sikusogea. Magoti yalikuwa yameganda kwa baridi, lakini nilisema nitamaliza nikiliona isale, ule mmea wa kuwekea mipaka, limepandwa mpakani. Kwetu isale likishapandwa mbele ya watu, halihojiwi tena.

Mzee mmoja akakata isale, akaenda kulichomeka. Nikaliona kwa macho yangu kutoka pale dimbwini, ndipo nikanyanyua jembe.

Maji yakaingia, perege wakamiminwa, akina mama wakapiga vigelegele.

Nikatoka kwenye tope natetemeka. Mbele yangu baba Nakijwa alikuwa anavua koti lake, anamfunika binti yake: "Mwanangu, utaugua." Nikawapita nikiwa na jembe langu begani. Shamba nimepata, wadogo zangu watakula, na moyo wangu unawaka kwa ajili ya lile koti.

Perege walizaliana. Magimbi yalistawi, wadogo zangu wakakua wote.

Nilichojifunza: ninyi mnaosimamia vyanzo vya maji siku hizi, kabla ya kuwaondoa watu mtoni, tafuteni ni nyumba gani haina wa kusimama kikaoni. Mto utapona na wao watabaki wazima.

Na kwa kifungua mimba wenzangu mliolea wadogo bila wazazi, naomba maoni yenu. Ule wivu wa koti huwa unaisha lini? Mimi nina vitukuu, na bado nausubiri uishe.