Marehemu Ameteuliwa

Jumanne nilikuwa katika ofisi ya usajili wa vifo hapa Garissa, nikisubiri cheti cha mke wangu. Mbele yangu mzee mwenye ndevu za hina alisubiri cha kaka yake. Karani alipoinua muhuri, redio ilikuwa ikisoma majina ya wenyeviti wapya walioteuliwa na rais. Majina ya kaka yake yakasomwa, yote matatu.

Mzee akakifunika cheti kwa kiganja, akamwambia karani kwa lafudhi ya Kisomali: "Walaal, ndugu yangu, usibige muhuri kwanza."

"Mzee, si mlimzika mwezi wa Shaaban?" karani akauliza.

"Tulizika. Lakini rais ametaja yeye."

"Maiti ataapishwaje?"

"Rais alitafuta mtu wa ukoo yetu, hakutafuta mtu anabumua. Ukibiga muhuri, kiti inaenda kwa ukoo ingine. Ngoja tutafute kijana wa jina hiyo."

Miaka yote tumebishana kama rais hutazama elimu au uaminifu. Pumzi hatukuifikiria.

Karani akakiweka cheti kando, akanigeukia, muhuri ukiwa bado mkononi. "Na hiki cha mama, nipige?"

"Piga," nikamwambia. "Mke wangu hajateuliwa."