Siku Nne za Kulizima Karasha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, Fundi Mkuu alinikabidhi ufagio. Wenzangu wawili wa kiume niliotoka nao chuoni walipewa koleo na bisibisi. Nilifagia manyoya ya pamba kwenye ukuta wa fyuzi mpaka yakaisha, kisha nikasimama palepale. Nilikuwa nimesomea umeme, si kufagia. Alipoona siondoki, akaanza kunifundisha.

Kwa ninyi mliozikuta breka zinazojizima zenyewe, fyuzi za wakati ule zilikuwa vishikio vya kaure vyenye kijiwaya chembamba ndani. Umeme ukizidi, kijiwaya kinayeyuka na mashine inazimika. Watu huzicheka siku hizi. Mimi sizicheki. Fyuzi yenye kijiwaya sahihi ilifanya kazi yake vizuri. Balaa lilianza pale mtu alipoamua kuidanganya.

Baadaye nilihamishiwa Kishapu, kwenye maghala ya pamba, chini ya Msimamizi wa Karakana ambaye kwa miaka yote hakuwahi kunitaja kwa jina. Lakini ni yeye aliyenifundisha mega, kipimo kinachosukuma umeme mkali ndani ya waya kuona kama gamba lake bado linauzuia usivuje. Nyaya za zamani zilivikwa mpira na kitambaa. Kwa nje unaziona nzima, ukizikunja zinapukutika kama ukoko wa ugali. Ndiyo maana tunapima, hatukisii.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Geita, kwenye yadi ya makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kule mwenye mawe hukaa kando ya karasha mpaka mawe yake yasagike yote. Likizimika katikati, anaanza kutazama mikono ya kila mtu, maana anaamini limezimwa ili aibiwe. Waendeshaji walichoka kuitwa wezi. Wakang'oa vijiwaya vya fyuzi na kuweka waya mnene wa shaba uliosokotwa mara tatu. Karasha halikuzimika tena, na joto lote likahamia kwenye nyaya za ukutani.

Masanja, mwendeshaji wa karasha la kwanza, alikuwa akitundika shati lake lililolowa jasho kwenye ukuta ule.

“Ukuta huu una joto zuri, Mayu,” aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. “Shati linakauka mara moja.”

Niliuweka mkono wangu pale, nikaogopa. Nilipopima kwa mega, nyaya zote zilikuwa zinavuja.

Meneja wa yadi alikuwa ameshanunua boksi jipya la breka. Alitaka nilifunge kwenye nyaya zilezile, jioni mashine ziwake. Nilimweleza kwamba tatizo haliko kwenye boksi, kwamba nyaya zote zing'olewe na waya wa kwenda ardhini uwekwe upya, kazi ya siku nne. Alisema siku nne hana.

“Mama Kulwa, funga boksi, weka sahihi, tuendelee na kazi.”

“Boksi nitafunga, mkuu. Lakini kwa nyaya hizi, sahihi yangu huipati.”

“Basi nitamtafuta fundi mwingine.”

“Mtafute. Akija, kwanza aweke mkono kwenye huu ukuta.”

Nikashusha meinswichi, nikaipiga kufuli langu, nikaketi kwenye ndoo mbele ya swichi hiyo kuu. Wenye mawe walinijia juu, hasa mmoja ambaye mawe yake yalikuwa yamesagika nusu. Nilimwambia alete kufuli lake mwenyewe, afunge mlango wa pipa la karasha, na ufunguo akae nao. Alifunga, akatia ufunguo mfukoni. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wa yadi: karasha likizimika, mwenye mawe anafunga kwa kufuli lake, na hakuna anayehitaji tena kuidanganya fyuzi.

Meneja alikuja akaweka mkono ukutani. Hakusema niko sahihi. Alisema nianze. Tulipobomoa plasta, mbao za nyuma ya nyaya zilikuwa zimekuwa mkaa, pale pale shati lilipokuwa likitundikwa.

Mwisho wa mwezi nilipewa barua ya onyo kwa ukaidi. Cheo kilichokuwa kikinisubiri akapewa mwingine, nami nikastaafu na kilekile nilichokuwa nacho. Iliniuma, sifichi. Lakini mkiniuliza leo kama nyumba zenu za zamani zibadilishwe fyuzi, nitawajibu kama nilivyomjibu Meneja: pimeni nyaya kwanza, na mkiambiwa mtie sahihi msichokiamini, kataeni. Wakiwaita wakaidi, itikieni.

Masanja naye amestaafu. Kila tukikutana sokoni ananishika mkono na kunilalamikia kwamba nilimpotezea siku nne za kazi bila sababu. Nampa pole, namuuliza habari za wajukuu, na namwacha alalamike mpaka atosheke.