Glavu za Shemeji

Mama Stoo alipanda nguzo za umeme miaka tisa, goti likamkataa, akapewa chumba cha vifaa. Wengine walimwonea huruma. Yeye aliwahurumia wao, maana sasa ndiye aliyeona walivyotunza vitu vyao.

Mchafu kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi waliyemwita Radi. Jina alijipa mwenyewe. Glavu zake za mpira alizikunja kama soksi, akazisukumia chini ya kiti cha gari, zikalala na spana na kopo la grisi.

Asubuhi hiyo alizitupa mezani. "Nigongee muhuri kwamba ni nzima, shemeji. Laini ya msongo mkubwa inatungoja."

Mama Stoo alikunja mdomo wa glavu moja, hewa ikabaki ndani, akaibinya karibu na sikio. Karibu na kidole gumba ikapumua: sss. Akachukua mkasi, akaikata vipande viwili mbele ya mafundi wote.

"Una wazimu? Miaka ishirini umeme unanijua!"

"Unakujua, ndiyo. Haukuheshimu."

Radi akakimbilia kwa bosi. Bosi akaja na tai yake, akaona rafuni jozi nyembamba ya glavu za kushikia nyaya za majumbani. "Si hizo hapo? Glavu ni glavu."

"Hizo msongo mkubwa unazitoboa kama karatasi," alisema Mama Stoo. "Ila kama unaziamini, mzee, zivae. Ngazi iko nje."

Bosi akatazama ngazi. Akatazama viatu vyake. Kisha akapiga simu kituo kingine, na kazi ikangoja hadi alasiri, glavu nene zilipofika zikiwa zimelazwa bapa kwenye mfuko wake, tarehe ya kupimwa ikisomeka. Radi alizivaa, na za ngozi juu yake kuzikinga zisitoboke. Jioni umeme ulirudi mtaani, naye akashuka na vidole vyake kumi. Shukrani hakutoa, mtu wa aina ile angeitoa wapi?

Jumapili Mama Stoo alipowatembelea, dada yake alimvaa sebuleni. "Umemwaibisha mume wangu mbele ya wenzake!"

"Afadhali aibu, dada. Ingekuwa vinginevyo, leo ungekuwa umejifunika kanga, watu wanakupa pole."

Dada akamsogezea kikombe cha chai.

"Nawasikia!" Radi alifoka kutoka chumbani.

"Najua," alisema Mama Stoo. "Ndiyo maana sinong'oni."