Juisi Niliyomkamulia Mke Wangu

Mke wangu alipoambiwa ana kisukari, nilitoka kituo cha afya nikiamini nimeelewa. Ugonjwa ni wa sukari, basi adui ni sukari. Tulipofika nyumbani Ihanda nilichukua kopo la sukari kabatini nikampelekea jirani. Jirani yetu ni mwanamke mwenye maneno.

"Leo kuna nini? Mmegombana, unagawa vyombo vya ndani?"

Nikamweleza ni ugonjwa. Akaacha kucheka, lakini kopo akalipokea.

Tangu siku hiyo chai yetu haikutiwa sukari, yake wala yangu. Soda tuliacha, hata kwenye harusi. Nilidhani kazi imekwisha.

Huku kwetu mtu ambaye hajala ndizi hajala. Umpe wali na nyama, atakushukuru vizuri, halafu akifika kwake atauliza chakula kiko wapi. Mke wangu alizaliwa Bugomora, akakuzwa kwa ndizi, akaolewa kwa ndizi. Alipoanza kukonda mimi nilimwongezea. Nilikata mkungu ulio bora kibanjani, shamba letu la migomba, ule ambao mwaka mwingine ningeupeleka sokoni, nikasema huu ni wake. Sahani yake ilikuwa kilima, na maharage kidogo pembeni. Mboga za majani hatukuzihesabu kuwa chakula. Tuliziona ni za mtu aliyekosa. Mnavu uliota wenyewe kati ya migomba, nami niliupiga jembe pamoja na magugu.

Na kulikuwa na juisi.

Kila mwanamume wa rika langu anajua kukamua ndizi. Unazivundika mpaka ziive, unazimenya, unazimwaga kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, unatia nyasi kavu, unakanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke. Maji hayo yakitiwa mtama uliokaangwa na kufunikwa, yanachacha na kuwa rubisi, pombe yetu. Yakinywewa kabla hayajachacha ni juisi tu, ya watoto, ya akina mama, na ya wale waliookoka. Mke wangu aliipenda tangu utoto wake. Sasa hana soda, hana chai tamu, nikaona nisimnyime kila kitu. Nikajiambia kwamba hii haikutoka kiwandani. Nimeilima mwenyewe, nimeikanyaga kwa miguu yangu, na sukari aliyoiweka Mungu ndani ya ndizi haiwezi kumdhuru mtu. Kila baada ya siku mbili nilimkamulia dumu dogo.

Aliamka na kiu, akalala na kiu. Kadiri kiu ilivyozidi ndivyo nilivyommiminia.

Mwaka wa pili alijikwaa kwenye kisiki cha mbuni akachubuka kidole. Kidonda kidogo, cha kupaka dawa na kusahau. Hakikupona. Mwezi ukaisha, kidole kikawa cheusi, tukapanda bodaboda kurudi kituoni. Safari hii tulipokelewa na muuguzi mwingine, binti wa Muleba, umri sawa na mtoto wetu wa mwisho.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Tukaitikia. Alitazama kidonda, akapima damu, akakitazama kile kipimo mara mbili. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ametuuliza.

"Mama, jana ulikula nini? Niambie tangu asubuhi."

Mke wangu akanitazama mimi. Chakula chake mimi ndiye niliyekuwa nakisimamia. Nikajibu ndizi asubuhi, ndizi mchana, ugali jioni.

"Na kunywa?"

"Chai bila sukari. Maji."

"Ni hayo tu?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Na juisi ya ndizi. Namkamulia mwenyewe. Haina sukari."

"Kiasi gani, baba?"

"Vikombe vitatu. Vinne, kukiwa na jua."

Yule binti akaweka kalamu mezani. Hakunigombeza, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema polepole kwamba ndizi mbichi ina wanga, na ikiiva wanga ule unageuka sukari. Ndizi nyingi zikikamuliwa pamoja, zinamwacha mtu anakunywa sukari ya karibu mkungu mzima katika siku chache. Mwili wake haujui kama imetoka kiwandani au kwa Mungu.

Mke wangu akasema, "Ndiyo maana ilikuwa tamu." Binti akacheka, naye akacheka. Mimi nilitazama miguu yangu.

Nyuma ya kadi ya kliniki muuguzi akachora duara, akaligawa. Nusu akaandika mboga za majani. Robo maharage, njugu mawe, dagaa au yai. Robo iliyobaki ndizi, na ndizi hizo ziwe mbichi, zipikwe na maharage yake, zisizidi ngumi ya mama mwenyewe. Parachichi, ndiyo. Maji, ndiyo. Dawa asiruke hata siku moja. Akasema chakula hakitachukua nafasi ya dawa, lakini chakula kibaya kitaifukuza dawa.

Mguu ulikuwa unamuuma, hakuweza kusimama jikoni, kwa hiyo nikaingia mimi. Sikuwahi kupika tangu kuzaliwa. Nilipanda maboga nyuma ya nyumba kwa ajili ya majani yake. Nikaacha kuupiga jembe mnavu. Habari ilifika kijiweni kwa vijana wa bodaboda kabla sijajua kuwasha moto vizuri.

"Mzee, leo mboga gani? Tuje na sahani?"

"Wewe muulize khanga anafunga ya rangi gani!" mwenzake akadakia.

Jirani yetu naye alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Akasimama mlangoni, akamwambia mke wangu, "Mama, huyu umemlisha nini? Nipe na mimi nimwekee wangu." Mke wangu akajibu kutoka mkekani, "Nimemlisha ndizi miaka thelathini, sasa ananilipa kwa majani." Tulicheka mpaka akashika mbavu. Siku zile zilikuwa nzuri. Kidole alikatwa, lakini kidonda kilikauka. Kiu ilipungua. Tulipokwenda kupima, yule binti alituonyesha kipimo na uso wake ukang'aa. Mke wangu akaanza tena kutembea hadi kanisani kwa fimbo.

Nimeandika kwamba kidonda kilikauka, na ni kweli. Lakini figo hazikurudi. Daktari wa hospitali alituambia zilikuwa zimeharibika kwa muda mrefu, tangu kabla ya majani ya maboga. Sikumuuliza muda mrefu ni upi. Nilijua kuhesabu.

Alivimba uso, kisha miguu. Chakula kikamkinaisha. Tulimrudisha nyumbani kwa sababu alitaka nyumbani. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, alasiri. Alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, kisha akafumbua macho akasema, "Mzee, nataka juisi."

Nikamwambia, "Mama, unajua haifai."

"Kidogo. Ya kulowesha mdomo."

Jirani alikuwa amekamua siku hiyo. Harufu ilikuwa inatufikia pale kitandani. Ningetoka na kikombe na kurudi kabla hajafumba macho. Nilimpa maji. Nilimwambia akipata nguvu tutaongea. Alikunywa maji kidogo, akageukia ukutani, na hakuniomba kitu kingine. Kabla kengele ya jioni ya kanisa haijalia alikuwa ameshakata roho.

Miaka miwili nilimpa alipotakiwa kunyimwa. Siku moja nilimnyima alipotakiwa kupewa. Watu wananifariji kwa kusema nilimtunza. Nawasikiliza.

Kwetu, msibani, ndugu wa marehemu huuliza alisema nini mwisho na aliomba nini. Wanauliza kwa sababu mgonjwa anayekufa hanyimwi. Dada yake, shemeji yangu, alifika kutoka Murongo anakouza chai na chapati karibu na mpaka. Alikaa chini mbele yangu, khanga kichwani, akauliza. Ningeweza kusema aliomba maji, na maji nilimpa. Nusu yake ingekuwa kweli.

"Aliomba juisi ya ndizi, shemeji. Nikamnyima."

"Ulimnyima dada yangu?"

"Nilimnyima."

"Ndizi zimejaa hadi mlangoni, nawe ukamnyima?"

Alinyanyuka akaenda kukaa upande mwingine wa turubai, na siku zote za matanga hakunisemesha. Aliondoka bila kuaga. Sikumlaumu. Aliyoyasema nilikuwa nimeshajiambia.

Ilipita karibu miezi minne. Nilikuwa napalilia nikaona simu ya shemeji inaita. Nikafikiri kuna msiba.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri. Za Murongo?"

"Tupo." Akakohoa. "Nina kiu. Kiu ya ajabu. Na miguu inawaka moto kama nimekanyaga pilipili. Dada alianza hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, alianza hivyo. Akasema hana nafasi ya kwenda kupima, wateja hawangoji, na chai yake bila sukari nani atanunua. Nikamjibu wateja wanywe wanavyotaka, yeye aende kesho asubuhi kabla hajala kitu. Aliguna. Kisha akaniuliza kile kilichochorwa kwenye kadi kilikuwa vipi. Nikaketi juu ya shina la mgomba, nikamweleza lile duara, nusu, robo na robo. Nilimwambia aache juisi leo, asisubiri kipimo. Alirudia kila nilichosema, kama mtu anayekariri sala.

Kisha akasema, "Nawe siku nikizidiwa, nikikuomba, utaninyima na mimi?"

Migomba yangu ilikuwa inapigwa na upepo na sikusikia kama anacheka au analia.

"Sijui, shemeji," nikamwambia. "Kweli sijui."

Halafu akaniuliza majani ya maboga huchemshwa kwa muda gani.