Timu Iliyoacha Kurudi Nyuma

Nimefundisha mpira karibu muda wote niliofundisha hesabu, na magoti yangu hayajui tena ni kazi gani kati ya hizo iliyoyaharibu. Shuleni, huku Amukura, mimi ni mwalimu wa kawaida. Lakini jioni kadhaa za wiki, na kila Jumamosi, nilikuwa nikipanda boda hadi Malaba kufundisha timu ya wanaume. Ilikuwa timu ya watu wa mpakani: matanboi, yaani wasaidizi wa madereva wa malori, waendesha boda, wapakiaji wa mizigo, na maajenti wachache wanaohangaika na karatasi za forodha. Waliniita Madam, kama watoto wa shule wanavyoniita, na baadhi yao kweli walikuwa wamepitia darasani kwangu.

Watu huniuliza mwanamke alifikaje kufundisha wanaume mpira. Kocha aliyekuwapo alihama. Mimi nilikuwa nimecheza nikiwa chuo cha ualimu, na hakukuwa na mtu mwingine aliyekubali kusimama kwenye lile jua. Basi.

Sikuwa na maarifa mengi. Niliwafunza jambo moja mpaka wakalichukia: ukipoteza mpira, wewe ndiye wa kwanza kurudi. Usimwangalie beki wala kipa. Geuka wewe. Tulilifanyia mazoezi hadi vijana wakatapika kando ya uwanja, na polepole likaingia miguuni mwao. Msimu wa majuzi tulianza kushinda. Hatukucheza mpira wa kupendeza, lakini timu zilizokuja Malaba ziliondoka zikilalamika kwamba hazikupata nafasi ya kupumua.

Kisha tukaenda Busia na kuwafunga kwao. Asiyetoka huku hawezi kuelewa. Miji hii miwili inaishi kwa mpaka mmoja, inagombania malori yale yale, na kila mmoja hujiona ndiye mlango halisi wa Uganda. Siku ile wafanyabiashara wa Malaba walitusindikiza kwa pikipiki, na wengine kutoka ng'ambo walikuja wakipiga vigelegele kwa Kiganda. Winga wetu, kijana ajenti mwenye miguu myembamba, alifunga bao la pekee. Tuliporudi, wanawake wa sokoni walitupa ndizi ndani ya gari kupitia dirishani.

Shida ilianzia hapo, ingawa wakati huo niliiona kama furaha tu.

Dereva mmoja wa trela kutoka Mombasa, aliyekuwa amekwama kwenye foleni ya malori na akaja kututazama mazoezini, aliwaambia vijana kwamba anamjua mtu anayetafutia timu kubwa wachezaji. Alisema amempigia simu. Alisema mtu huyo atakuja Jumamosi moja, hatasema ni ipi, atasimama tu kando ya uwanja kama mtu yeyote.

Mimi niliyapuuza. Vijana hawakuyapuuza.

Mechi iliyofuata tulicheza na timu ya Sigalame, timu iliyokuwa mkiani. Dakika za kwanza nilidhani labda wamechoka. Winga alipata mpira, akapiga chenga moja, mbili, akataka ya tatu, akanyang'anywa. Akasimama. Akashika kiuno. Nikapiga kelele, "Rudi!" Akaniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina la ndugu yake. Beki wa kushoto, mwendesha boda ambaye zamani alikuwa akirudi hata bila kuambiwa, alipanda mbele na kubaki huko huko, mkono juu, akiomba pasi. Tulifungwa mabao mawili.

Pembeni, karibu na bendera ya kona, kulikuwa na mwanamume aliyevaa miwani myeusi na koti safi. Kipindi chote cha pili winga alicheza upande ule, hata tulipopanga acheze upande mwingine. Baada ya mechi nilimwendea mtu yule.

"Karibu, boss," nikamwambia. "Umetoka mbali?"

"Kisumu," akasema. "Ninauza chanjo ya kuku. Nangoja mtu wa duka ya dawa za mifugo, ameniambia yuko huku kwa mpira."

Niliwaambia vijana. Walicheka, na mimi nikacheka nao, nikadhani yameisha. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mgeni mwingine chini ya mti, tukafungwa tena. Baada ya hapo hata mgeni hakuhitajika. Walikuwa wamesahau namna ya kurudi nyuma, au walikuwa wakikumbuka na kuona aibu kuwa mtu wa kwanza kukimbia wakati wengine wamesimama. Timu inaweza kuoza hivyo, kwa wiki chache tu, bila mtu kugombana na mwenzake.

Niliwatoa wengine uwanjani, nikawaweka benchi. Niliwabembeleza. Nilimwita winga kando nikamwambia, "Unacheza peke yako." Akasema, "Sawa, Madam." Wote walisema sawa. Hakuna kitu kinachochosha kama kuambiwa sawa na mtu ambaye hatabadilika. Afadhali angenijibu vibaya.

Mashabiki nao walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema Busia wameturoga. Wengine walisema refa. Lakini maelezo yaliyopendwa zaidi yalikuwa mimi. Nilianza kuyasikia nikipita: huyu mama amezeeka, huyu mama anawachosha vijana kwa mbio, mwanamke ataelewa nini mpira wa sasa.

Mwenyekiti wa timu, mzee mwenye uwanja wa kuegesha malori, aliita mkutano katika hoteli moja ya Malaba. Tulikuwa wachezaji wote, yeye, na mimi, na chai na mandazi mezani. Hakunitukana. Aliongea kwa upole, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba ameshaamua.

"Madam amefanya kazi," akasema. "Lakini timu imekufa. Labda mbinu zake zimefika mwisho. Kuna mchezaji ana neno?"

Nikangoja. Nilimtazama kapteni, ambaye pia ndiye kipa wetu, tanboi mrefu niliyemfundisha kuzidisha na kugawanya. Kipa huona uwanja wote. Kama kulikuwa na mtu aliyejua nani anarudi na nani harudi, ni yeye. Alikuwa akikatakata andazi lake vipande vidogo vidogo bila kula. Winga alikuwa akipangusa simu yake kwa shati. Beki wa kushoto aliangalia nje kwenye malori.

Hakuna aliyesema.

"Basi," mwenyekiti akasema, "kimya ni jibu."

Nilimaliza chai yangu kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa, nikawaaga, nikatafuta boda. Njia nzima ya kwenda Amukura sikulia wala sikukasirika. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuwa ameomba atuliwe. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Nangina na hajawahi kuelewa kuotea ni nini, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Afadhali. Sasa utakuwa unakula chakula kikiwa moto."

Na kweli nilikula chakula kikiwa moto, ila sikukifurahia sana.

Walimleta kocha kijana kutoka Busia, mwenye filimbi ya kisasa na michoro kwenye simu. Nilisikia habari zao bila kuuliza. Nikipita stendi ya boda, wananiambia, "Madam, tumechapwa tena." Nikienda sokoni, mama wa samaki ananiambia, "Dada, hata huyo mpya wa badala yako ameshindwa." Walitegemea nifurahi. Nilitamani ningefurahi. Nilikuwa nikimwonea huruma yule kijana, kwa sababu nilijua kabisa anachokiona kila Jumamosi: migongo ya watu waliosimama.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nageuza muhogo tuliokuwa tumeuanika uani. Pikipiki ikaingia ikiwa imebeba watu watatu: beki wa kushoto akiendesha, winga katikati, kapteni nyuma na miguu yake mirefu ikikaribia kuburuzika. Nikawaambia wakae kivulini. Hawakukaa.

"Madam," kapteni akaanza, "sisi hatujakuja kukuomba urudi."

"Vizuri," nikasema, "kwa sababu sirudi."

"Tumekuja tu kusema."

Nikaendelea kugeuza muhogo. Nilifikiri wataondoka hivyo hivyo. Kisha beki wa kushoto akafungua kinywa.

"Mimi niliacha kurudi. Hakuna mtu aliniambia niache. Nilikuwa naona nikirudi nyuma huyo jamaa wa kutafuta wachezaji hatanitambua. Beki anayekaba nani anamwangalia?"

"Na wewe?" nikamuuliza winga.

Alikuwa amekaza macho chini. "Siku ile uliniambia nacheza peke yangu, nilijua ni kweli. Nilijua hata kabla uniambie. Halafu ulipotolewa, nikaona basi kumbe si mimi. Ni kocha. Nikalala vizuri." Akaongeza, "Sasa huyu mwingine amekuja na bado tunapigwa. Sina mtu wa kuwekelea lawama tena."

Nilimgeukia kapteni. "Pale hotelini ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa nao."

"Ulinyamaza kwa nini?"

Alikuwa mtu mzima tayari, baba wa watoto, lakini wakati ule nilimwona vile alivyokuwa akisimama ubaoni.

"Ilikuwa rahisi, Madam. Mzee alikuwa ashatupatia jibu. Ningesema ni sisi, ningewataja hawa, na hawa ni marafiki zangu. Wewe ungeenda tu nyumbani."

Wewe ungeenda tu nyumbani. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilitaka sana kukasirika. Nilikuwa na haki yote. Nilichopata ni uchovu wa aina ile inayokufanya utamani kukaa chini hapo hapo juu ya turubai, kati ya vipande vya muhogo. Nikawauliza, "Mwenyekiti mmemwambia haya?"

"Bado."

"Kocha wenu?"

"Bado."

"Basi mmeanzia mahali pasipo na kazi. Mimi nilikuwa najua. Nendeni mkawaambie wasiojua."

Niliwapa maji, wakanywa wakiwa wamesimama, wakaondoka. Mume wangu akatoka ndani akauliza walitaka nini. Nikamwambia walikuja kusalimia.

Walienda. Nilikuja kuambiwa na wengine, si na wao. Mazoezini, mbele ya wachezaji wote, kapteni alimwambia yule kocha kijana kwamba kosa si la michoro yake. Kulikuwa na kelele. Wengine walikataa katakata, mmoja akachukua viatu vyake akaenda na hakurudi tena. Kisha wakaenda kwa mwenyekiti, na yeye akawajibu, "Sasa mnataka nifanye nini na hayo?" Jioni hiyo akanipigia simu. Aliongea juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya foleni ya malori, na mwishoni akauliza kama ninaweza kurudi kwa mechi zilizobaki. Nikamwambia amwache yule kijana amalize. Nadhani alishusha pumzi.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Busia. Lazima tushinde, la sivyo tunashuka daraja. Nilijiambia siendi. Ilipofika saa nane nikajikuta nafunga leso kichwani.

Nilikaa mbali na benchi, karibu na wanawake wanaouza mahindi ya kuchemsha. Busia walifunga mapema. Watu walionizunguka wakaanza kusonya. Lakini mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Winga alipoteza mpira katikati ya uwanja, na kabla ya yule mwingine hajainua kichwa, winga alikuwa ameshageuka, anamkimbiza. Hakumpata. Alikimbia mpaka kwenye boksi letu, akajitupa chini, akautoa mpira nje kwa ncha ya kiatu. Hakuna aliyempigia makofi. Nikajikuta nimesimama, na mama wa mahindi ananivuta gauni nikae ili aone.

Walikimbia hivyo mchana wote. Walikuwa wamechelewa, miguu imesahau, pumzi imepungua, na Busia walikuwa wazuri kuliko wao. Katika kipindi cha pili beki wa kushoto alirudi nyuma, akaupora mpira, akaupeleka mbele kwa pigo refu, na winga akasawazisha. Uwanja ukalipuka. Nikaamini, kwa dakika kadhaa, niliamini kama mtoto. Kapteni alitoka langoni kuja kupiga kichwa kwenye kona ya mwisho. Mpira ukapita juu ya kila mtu. Refa akamaliza.

Sare. Tukashuka daraja.

Watu walitawanyika haraka, kama watu wanavyotawanyika pasipo na sherehe. Beki wa kushoto alikuwa amepiga magoti karibu na mstari, anatapika maji matupu. Nilipokwenda kwake aliinua uso.

"Madam, umeona?"

"Nimeona."

"Lakini haikutosha."

"Haikutosha," nikasema. "Mlianza mmechelewa."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilimshika kwapani, nikamsaidia kusimama, na goti langu likalia kwa sauti hata yeye akalisikia. Tukavuka uwanja taratibu kwenda walipokuwa wenzake, ambao walikuwa wamekaa kwenye nyasi, viatu vimevuliwa, wakipitishiana chupa ya maji.